Jiwe la Rusizi na bei ya shimo

Umeme haujawahi kuwa mbali na wilaya ya Rusizi, Rwanda. Mitambo ya Mururu, pale mto Rusizi unapotoka Ziwa Kivu, inazunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1989 ikaongezeka ile ya Rusizi II, mali ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka 2008 ni kaya 6 hivi tu kwa kila 100 nchini Rwanda zilizokuwa na umeme. Leo ni zaidi ya robo tatu, ukihesabu na za paneli za jua. Wakubwa wanapozindua laini mpya husifu mitambo, transfoma na nyaya. Shimo halisifiwi na mtu, ingawa kila nguzo iliyopanda mlima kuelekea Nkungu au Nyakarenzo imesimama ndani ya shimo, na kuna mtu aliyelichimba.

Na ardhi ya huku ni ya kuvizia. Ukitazama ukingo wa barabara iliyokatwa Kamembe au Gihundwe utaona udongo mwekundu, mzito, unaoonekana mwepesi wa kuchimbika. Udongo huo ni zao la mawe meusi ya volkano za zamani zilizomwaga lava pande zote mbili za mpaka, Bukavu upande wa Kongo na Cyangugu upande wa Rwanda. Lava ile haikuoza sawasawa. Palipokuwa na nyufa maji yaliingia na jiwe likageuka udongo. Katikati ya nyufa likabaki bonge gumu la mviringo, likibambuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kwa hiyo unaweza kuchimba shimo moja kwa raha, ukapiga hatua nne, ukakutana na bonge lenye ukubwa wa meza. Juu ya ardhi hakuna dalili yoyote. Migomba imestawi kote kote.

Ukishuka Bugarama mambo hubadilika. Huko chini, sehemu ya nchi yenye joto kuliko zote, kuna bonde la udongo ulioletwa na maji, majaruba ya mpunga, na chokaa iliyotokana na chemchemi za maji moto. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza kazi mwaka 1984, kiko Muganza kwa sababu ya chokaa hiyo. Wilaya moja, ardhi mbili, na anayekuja na mashine ni vyema ajue yuko kwenye ipi.

Nasema mashine kwa sababu siku hizi kila anayefikiria uzio au nguzo nyingi hufikiria pia trekta ndogo yenye keekee ya kuchimbia mashimo nyuma yake. Kwenye udongo mtupu ni raha kuitazama. Shafti ya nyuma ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi iliyo juu ya keekee hupunguza mwendo huo hadi kama theluthi yake, na parafujo hujizamisha yenyewe huku ikipandisha udongo. Shimo la mita moja huisha kabla dereva hajamaliza kusalimiwa. Tena huwa la duara, jembamba, na kuta zake hazijatikiswa, hivyo nguzo hukaa imara kuliko kwenye shimo pana la jembe.

Kisha jiwe. Wengi hushangaa hapa, maana walidhani trekta itaisukuma keekee chini. Haisukumi. Mikono ya haidroli ya trekta nyingi ndogo kazi yake ni kuinua tu. Kushuka ni kwa uzito wa chuma chenyewe na kwa meno kuuma udongo. Jiwe haliumwi. Meno yanateleza juu yake, yanang'aa, yananuka chuma cha moto, na shimo haliongezeki hata kwa unene wa kidole. Jiwe likikaa ubavuni, keekee inasukumwa upande na shimo linakwenda mshazari. Likibanwa kati ya ukuta na parafujo, kila kitu husimama ghafla na bolti moja laini, iliyowekwa makusudi ili ikatike, inakatika. Ndiyo kinga ya giaboksi. Mwenye trekta aliyechoka kuibadilisha akatia bolti ngumu badala yake, asubiri kununua giaboksi.

Upo ukaidi wa hatari zaidi: keekee ikigoma kushuka, vijana wawili wanapanda juu ya boriti yake waikandamize kwa uzito wao. Shafti iliyo chini yao inazunguka mara 9 kwa sekunde. Pindo la kitenge au la koti la mvua likinaswa, hakuna mtu mwenye kasi ya kulivuta. Kizuizi cha plastiki kinachofunika shafti ndicho kitu cha kwanza kuvunjika na cha mwisho kununuliwa, na katika hili sioni mjadala: kama kizuizi hakipo, trekta izimwe. Hata keekee iliyojikita kwenye udongo wa mfinyanzi ikakataa kutoka haivutwi kwa nguvu. Injini inazimwa, kisha parafujo inarudishwa nyuma kwa mkono kwa spana ya bomba.

Na hapo bado hatujazungumzia mlima. Shimo lazima liwe wima hata kama trekta imeinama, na mashamba mengi ya Rusizi ni vipande vidogo juu ya matuta ambayo trekta ya magurudumu manne haiyafikii. Zile za kusukuma kwa mikono, zilizozoeleka mabondeni kwenye mpunga, nyingi hazina mikono ya kubebea keekee ya namna hiyo. Afrika Mashariki tulishaonyeshwa somo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia 1947 Waingereza walipeleka mamia ya mitambo Kongwa, Tanganyika, kulima karanga. Udongo ule, ukikauka, ulikuwa mgumu na wenye mchanga mkali uliotafuna majembe ya trekta, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Mashine zililetwa kwanza, ardhi ikaulizwa baadaye.

Kuiuliza ardhi si kazi ngumu. Unachukua mtaimbo, ule wa chuma kizima wenye ncha bapa, unautumbukiza kila mahali palipowekwa kigingi kabla trekta haijawashwa. Mtaimbo ukizama, peleka keekee. Ukigonga, sikiliza: bonge lililolala peke yake hutoa mlio mfupi usio na mwangwi na wakati mwingine hutikisika, mwamba uliokita hulia na kurudisha mkono juu hadi begani. Bonge huchokolewa pembeni likang'olewa, au kigingi kinasogezwa shibiri mbili. Mwamba una njia zake: moto wa kuni unaokokwa juu yake saa kadhaa kisha maji baridi, ukapasuka (kaa mbali, vipande huruka), au nyundo ya kompresa kwa mwenye uwezo.

Mashimo ya umeme ndiyo magumu zaidi. Kanuni ya mafundi ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, kisha unaongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 9 basi huzikwa mita moja na nusu. Kwenye kina hicho mtu hawezi kuinua mtaimbo ndani ya tundu jembamba, hivyo mchimbaji hufanya mtaro mfupi wenye ngazi moja. Husimama kwenye ngazi, hupiga, huteremka, hukwangua udongo kwa kopo na kuutupa nje, hupanda tena. Mtaro huo huo ndio unaotumika kutelezesha mguu wa nguzo. Kisha mawe yaliyomtesa hurudi ndani kama kabari, tabaka kwa tabaka, yakishindiliwa.

Kazi ndogo hazihitaji haya yote. Aliyechaguliwa kupewa ng'ombe wa Girinka, mpango wa Rwanda wa kugawa ng'ombe ulioanza mwaka 2006, hutakiwa awe na banda na majani kabla ng'ombe hajafika, na banda la ng'ombe mmoja ni nguzo chache tu. Kukodi trekta kwa ajili yake ni anasa. Uzio wa nyumba nao Wanyarwanda waliutatua zamani kwa miti ya miyenzi: tawi linakatwa, linaachwa likauke kidogo, linachomekwa kwenye tundu la jembe. Angalia tu utomvu wake mweupe usiingie machoni.

Linalonikera ni malipo. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi, kuchimba mwamba huandikwa mstari wake na bei yake, mbali na kuchimba udongo. Lakini mwenye shamba akiita vibarua, au mkandarasi mdogo akigawa kazi ya laini, mara nyingi shimo ni shimo: bei moja kwa yote. Aliyepata udongo anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Aliyeangukiwa na bonge la lava anashinda nalo hadi jioni, na kesho yake pia, kwa pesa ile ile. Mwenye trekta huhesabu saa za injini na bolti zilizokatika, na hulipwa. Kibarua naye apangiwe bei mbili, ya udongo na ya jiwe, zikitajwa asubuhi mtaimbo unapopimia vigingi, yeye na mwajiri wake wakiwa wanasikiliza mlio.