Demio ya Dizeli: Ukiona Oili Imeongezeka, Usifurahi

Mazda Demio ya dizeli ni gari la kawaida sasa katika barabara za Malindi, Watamu na Kilifi. Wengi hulinunua likiwa limeshatumika Japani, kwa kuwa halili mafuta mengi. Lakini injini yake ina tabia moja ambayo asiyeijua humtia hasarani: haipendi safari fupi.

Injini yenyewe

Injini hii, Skyactiv-D ya lita 1.5, ilitoka mwaka wa 2014. Ina silinda 4, turbo na nguvu za farasi 105. Kwenye bomba la moshi kuna chujio linalonasa masizi.

Tatizo linapoanzia

Chujio likijaa, injini hulisafisha yenyewe. Hunyunyiza dizeli ya ziada ili joto lipande hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo huhitaji gari liwe mwendoni kwa dakika kadhaa. Anayetoka nyumbani hadi sokoni, kisha shuleni, akizima gari kila mara, huikatiza kabla haijakamilika. Dizeli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia ndani ya oili. Oili hiyo huwa nyepesi, na turbo na beringi huanza kusagika.

Masizi mengine huganda kwenye njia ya kuingizia hewa. Gari hukosa nguvu na kutetemeka.

Mambo ya kufanya

- Pima oili kila wiki, gari likiwa limezimwa mahali tambarare. Ikiwa imepanda, ni dizeli iliyoingia. Ikifika alama ya X kwenye kijiti, ibadilishe mara moja.
- Angalau mara moja kwa wiki, safiri mwendo mrefu bila kuzima, kwa mfano Malindi hadi Gede na kurudi.
- Taa ya chujio ikiwaka, endelea kuendesha dakika 15 hadi 20 injini ikiwa moto. Ikimetameta, mwone fundi mwenye kompyuta ya kupimia.
- Tumia oili ya ACEA C3 au DL-1, ambayo haiachi majivu mengi kwenye chujio.
- Nunua dizeli katika kituo chenye leseni. Ile ya mitungi kando ya barabara huenda imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo huharibu pampu na nozeli.

Usikubali chujio likatwe

Baadhi ya mafundi hulitoa chujio ili kumaliza usumbufu. Masizi hayo basi huvutwa na watoto wetu njiani na abiria stejini. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 zilikataza gari kutoa moshi unaozidi viwango.

Kabla ya kununua, chomoa kijiti unuse oili. Ikinuka dizeli, mwite fundi kabla ya kulipa. Na kama safari zako ni za mjini tu, gari la petroli litakufaa zaidi.