Mzizi Usiofaa Kukosewa

Mwaka 1856, katika mji mdogo wa Dingwall huko Uskoti, mtumishi alitumwa bustanini kuchimba mzizi wa hosiradishi ili utiwe katika mchuzi wa kulia nyama. Mzizi alioleta ulikuwa wa akoniti, mmea wa maua ya buluu ambao sumu yake huvuruga neva na mapigo ya moyo. Watu watatu walioula mchuzi huo walifariki, wawili kati yao wakiwa mapadri.

Majani yanapokuwa yamekauka, mizizi hiyo miwili huweza kumdanganya asiyeizoea. Wa akoniti ni mfupi na huchongoka upesi kama pia. Wa hosiradishi ni mrefu, wenye unene unaokaribia kulingana, ganda la rangi ya udongo na nyama nyeupe. Tofauti kubwa zaidi hujitokeza kisu kinapopita. Hosiradishi ikikatwa hutoa harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi, ilhali akoniti haina ukali huo. Laiti mzizi ule wa Dingwall ungenuswa kabla ya kupelekwa mezani, pengine ungetupwa.

Hosiradishi ni jamaa wa figili, haradali na kabichi. Ni mmea wa nchi za baridi, nao hupandwa kwa vipande vya mizizi. Wapolandi huula pamoja na mayai na soseji wakati wa Pasaka, Waingereza huula na nyama ya ng'ombe ya kuokwa, na Wayahudi wengi huuweka mezani kama mboga chungu katika sikukuu yao ya Pasaka. Nchini Marekani, mji wa Collinsville katika jimbo la Illinois umejipatia sifa kwa kilimo chake. Mswahili aliyehamia huko anaweza kuukuta sokoni akaudhania muhogo mwembamba.

Mzizi mzima hauna harufu ya kutisha. Ukali wake haumo ndani tayari, bali huzaliwa pale unapojeruhiwa. Ndani ya seli zake mna kemikali iitwayo sinigrini, na kando yake, katika sehemu iliyotengwa, mna kimeng'enya kiitwacho mirosinesi. Mzizi ukikunwa, kuta za seli huvunjika, viwili hivyo hukutana penye unyevu, na papo hapo hutokea alili isothaiosayaneti, kemikali ileile inayoipa haradali ukali wake. Hiyo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Kwa kuwa huruka hewani kwa wepesi, hupanda puani na kuchoma kwa nguvu, kisha hupoa baada ya muda mfupi. Pilipili ni tofauti: kemikali yake hairuki, hung'ang'ania ulimini.

Kwa mtayarishaji, elimu hiyo ina faida ya moja kwa moja, maana siki huzuia kazi ya kimeng'enya. Anayetia siki mara tu baada ya kukuna hupata kiungo cha upole. Anayengoja dakika tatu hivi hupata kiungo kikali. Kungoja mno nako hakufai, kwani bila siki ukali hupotea na ladha hugeuka kuwa chungu. Kwa sababu hiyo siki hupimwa na kuwekwa karibu kabla mzizi haujakatwa.

Vikombe viwili vya mzizi uliokunwa, yaani gramu 340 hivi, huhitaji kikombe kimoja cha siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Robo kijiko cha chai cha unga wa vitamini C huusaidia usigeuke rangi. Mzizi huoshwa kwa brashi, humenywa, sehemu zilizooza huondolewa, kisha hukunwa kwa kikwaruzo chenye matundu madogo au hukatwa vipande na kusagwa katika blenda pamoja na maji baridi kidogo. Mchanganyiko hutiwa katika chupa safi ya kioo, hufunikwa vizuri na kuwekwa kwenye jokofu. Hata humo ukali hufifia baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa hiyo ni busara kutengeneza kidogo kidogo. Haupikwi, huongezwa chakula kikiwa tayari, kwa kuwa moto huumaliza ukali wake.

Hatari ya jikoni haiko kwenye kisu peke yake. Blenda iliyojaa hosiradishi hufunguliwa dirisha likiwa wazi na uso ukiwa umegeuzwa kando, wala haifai kuchungulia ndani ili kunusa. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Mikono ivae glavu, na jicho likiingiwa lioshwe kwa maji safi mengi. Jambo jingine ni mafuta: wapo wanaopenda kuhifadhi viungo vya mizizi kwa kuvizamisha ndani ya mafuta bila siki. Mafuta huizuia hewa, na mahali pasipo hewa wala asidi ya kutosha, bakteria Clostridium botulinum huweza kuota na kutoa sumu inayopoozesha misuli, pamoja na ile ya kupumua. Siki hulinda kwa kushusha pH chini ya 4.6. Kuipunguza kwa kuchukia uchachu ni kuondoa kinga hiyo.

Je, mgonjwa ale? Mwenye shinikizo la damu ana habari njema. Chupa nzima iliyotajwa hapo juu ina gramu 3 hivi za chumvi, hivyo kijiko cha chai hubeba kiasi kidogo sana, huku Shirika la Afya Duniani likishauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku. Nyama iliyochemshwa bila chumvi huchangamka kwa kijiko kimoja cha kiungo hiki. Mwenye vidonda vya tumbo hana bahati hiyo. Tume ya Ujerumani iliyotathmini dawa za mitishamba ilionya kwamba hosiradishi isitumiwe na wenye vidonda vya tumbo au vya utumbo, wala wenye maradhi ya figo, na kwamba isipewe watoto walio chini ya miaka 4. Tonge kubwa la ghafla nalo si mzaha. Nchini Israeli, mwanamke wa miaka 60 alikula wasabi nyingi harusini akidhani ni parachichi lililopondwa. Alibanwa kifua, na madaktari wakamkuta na udhaifu wa muda wa misuli ya moyo unaoletwa na mshtuko. Alipona. Wasabi inayouzwa sehemu nyingi, kwa kweli, ni hosiradishi iliyochanganywa na haradali na kutiwa rangi ya kijani.

Katika Afrika Mashariki mzizi huu ni nadra, na hapo ndipo kosa la Dingwall linapopata sura mpya. Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, kwa Kiingereza huitwa mti wa hosiradishi. Jina hilo lilitokana na mazoea ya Waingereza waliokaa India, asili ya mti huo, ambao walikuna mzizi wake na kuutia siki badala ya hosiradishi waliyoiacha kwao. Mzizi wa mlonge pia huwasha, kwa kemikali za jamii hiyohiyo. Basi kipimo cha pua ambacho kingewaokoa watu wa Dingwall hapa hakisaidii.

Majani ya mlonge ni mboga nzuri, na mbegu zake zilizosagwa husafisha maji yenye tope. Mzizi si mboga. Ganda lake lina alkaloidi zinazoathiri neva, na kulimenya hakutoshi kumhakikishia mlaji usalama. Katika majaribio ya panya, dawa iliyotolewa katika mzizi huo ilizuia mimba kujishikiza, na tiba za jadi za India zimeutumia kuharibu mimba. Kwa hiyo mapishi yaliyoelezwa hapa yasifanywe kwa mzizi wa mlonge, hata kama jina la Kiingereza linashawishi.

Mhudumu wa kliniki ya wajawazito akisikia kwamba mama anatumia mlonge, aulize swali la pili bila ukali wa sauti: ni majani, ni mbegu, au ni mzizi? Akijibiwa kuwa ni majani katika mboga, mazungumzo yanaweza kuendelea kuhusu lishe. Akijibiwa kuwa ni mzizi, amshauri aache siku hiyohiyo, aulize kiasi alichotumia na kwa siku ngapi, kama ameona damu au kusikia maumivu ya tumbo, kisha aandike majibu hayo kwenye kadi ili daktari atakayemwona baadaye ayakute.