Kihisi joto kizuri huweza kudanganywa na chaja

CHANJO nyingi hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Sentigredi. Kwa kutumia bodi ndogo kama Arduino Uno na kihisi cha bei nafuu, fundi wa elektroniki anaweza kutengeneza kifaa cha kufuatilia joto la jokofu. Mara nyingi hutumia muda mwingi kuchagua kihisi, kisha akaiwasha bodi kwa chaja yoyote ya simu iliyo karibu. Hapo ndipo kosa huingia.

Tuchukue kihisi aina ya TMP36. Joto likiwa nyuzi 25 hutoa milivolti 750, na kila nyuzi moja inapopungua hushuka kwa milivolti 10. Hivyo katika nyuzi 10 hutoa milivolti 600. Kihisi hicho hakisumbuliwi sana na chaja, kwani kimeundwa kufanya kazi kati ya volti 2.7 na 5.5. Anayesumbuliwa ni msomaji wake, yaani bodi. Yenyewe huigawa volti inayoiendesha katika vipande 1,024, kisha huhesabu vipande vinavyolingana na umeme wa kihisi. Programu huandikwa kwa kudhani kwamba volti hiyo ni 5 kamili.

Lakini kanuni za USB 2.0 ziliruhusu volti 4.75 hadi 5.25. Chaja ikitoa 5.25, milivolti 600 husomwa kama 571, na kioo huonyesha nyuzi 7.1. Jokofu limefika nyuzi 10, naye muuguzi anaamini chanjo ziko salama! Ikitoa 4.75, jokofu lililo katika nyuzi 6 huonyesha zaidi ya 8, na chanjo nzima zinaweza kutupwa. Chaja zote mbili hazina ubovu wowote.

Kuongeza kidhibiti volti cha 7805 hakutoshi, kwa sababu nacho huruhusiwa kutoa kati ya 4.8 na 5.2. Kinachofaa ni chipu ya volti rejea, kwa mfano LM4040 ya volti 2.5 yenye kosa lisilozidi asilimia 0.1, iunganishwe kwenye pini ya AREF. Kosa litokanalo na volti hushuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Programu iagizwe kutumia rejea ya nje kabla ya kusoma kipimo cha kwanza, la sivyo chipu ya bodi inaweza kuharibika.

Asiyetaka gharama hiyo atumie thamista, kipingamizi ambacho ukinzani wake hubadilika kulingana na joto. Thamista na kipingamizi mwenzake vikilishwa volti ileile ambayo bodi huitumia kupimia, volti ikipanda vyote hupanda pamoja na uwiano hubaki uleule. Hapo chaja ya simu haina madhara.