Kabla ya kununua tiketi ya kuzunguka dunia, pima afya yako

Msomaji, huenda umepata malipo yako ya kustaafu, au una watoto wanaoishi London, Toronto na Sydney, na wakala wa usafiri amekushauri ununue tiketi moja ya kuizunguka dunia nzima. Kwa upande wa bei, ushauri huo unaweza kuwa mzuri. Lakini kabla ya kutoa pesa, jiulize maswali mawili: je, mwili wako utaistahimili safari hiyo? Na je, una siku za kutosha?

Tiketi ya namna gani?

Tiketi hii huuzwa na miungano ya mashirika ya ndege kama vile Star Alliance na oneworld. Abiria huanza na kumaliza safari katika nchi moja, huelekea upande mmoja tu, mashariki au magharibi, na huvuka bahari za Atlantiki na Pasifiki. Anaweza kupanda ndege hadi mara 16, na hupewa muda usiozidi mwaka mmoja.

Bei hutegemea umbali au idadi ya mabara, wala si idadi ya siku. Kwa hivyo anayekimbia kwa wiki tatu na anayetembea kwa miezi sita wanaweza kulipa sawa. Wengi hawalitambui jambo hili, nao hujichosha bure.

Jambo jingine ni kwamba kubadili tarehe huwa rahisi kuliko kubadili njia. Ukiugua katikati ya safari na utake kurudi nyumbani kwa njia uliyojia, huenda ukalazimika kununua tiketi nyingine.

Saa ya mwili

Mwili una saa yake inayoamua wakati wa kulala, kula na kwenda choo. Ukisafiri mbali, saa hiyo hubaki nyuma. Kwa kawaida hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Kwa kuwa kuizunguka dunia ni kupitia tofauti ya saa 24, mwili utahitaji takriban siku 24 za kujirekebisha. Basi mtu mwenye wiki tatu pekee atakuwa mchovu karibu safari yote.

Kuelekea magharibi humfaa msafiri zaidi, kwa sababu ni rahisi kwa mwili kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kutoka Nairobi, njia kama London, New York, Los Angeles, Tokyo na Singapore itakuchosha kidogo kuliko kuipita kinyume.

Damu kuganda miguuni

Ukikaa kitini muda mrefu bila kusogea, damu hupita polepole katika mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Donge likibanduka na kufika mapafuni, linaweza kuua. Utafiti uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hii huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya bado ni ndogo, yapata mtu 1 kati ya 6,000.

Lakini hatari hiyo haiishi ndege inapotua. Hubaki kwa muda wa wiki nne hivi, na anayepanda ndege nyingi mfululizo huiongeza. Wanene kupita kiasi, wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi na wale ambao damu yao imewahi kuganda wawe waangalifu zaidi. Ndani ya ndege, inuka utembee, kunja na kunyoosha vifundo vya miguu, na kunywa maji.

Ukivimba mguu mmoja na kuuma, au ukishikwa na maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nenda hospitali mara moja.

Chanjo na dawa

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hivyo nchi nyingi hudai cheti cha chanjo kwa msafiri anayetoka hapa. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano na, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote. Hata hivyo, chanjo hii haimfai kila mtu. Wajawazito, waliopungukiwa sana na kinga, wenye mzio mkali wa mayai na waliopita miaka 60 wamwone daktari kwanza.

Wenye kisukari wabebe insulini katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa kwenye sehemu ya mizigo inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Daktari awapangie saa za sindano, maana siku hurefuka ukielekea magharibi na hufupika ukielekea mashariki.

Chukua barua ya daktari inayotaja dawa zako. Falme za Kiarabu, kwa mfano, hudhibiti vikali dawa zenye kodeini na tramadoli.

Ikiwa ulikulia Kisumu au Kilifi, usitegemee kinga yako dhidi ya malaria. Hupungua ukikaa mbali. Ukipata homa ng'ambo, mwambie daktari kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana huenda asiifikirie.

Nani aahirishe?

Hewa ndani ya ndege ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mkazi wa Nairobi amezoea mwinuko unaokaribia huo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu, selimundu au upungufu mkubwa wa damu apimwe kwanza. Mjamzito naye akumbuke kwamba mashirika mengi hayambebi baada ya wiki 36.

Uamuzi

Mwone daktari wiki nne hadi nane kabla ya kuondoka, na ikiwezekana kabla ya kulipa. Nunua bima inayolipia matibabu katika kila nchi utakayopitia. Ikiwa u mzima na una miezi miwili au zaidi, tiketi hii inaweza kukufaa. Punguza vituo na ukae siku kadhaa kila mahali. Ikiwa una wiki mbili au tatu tu, au una ugonjwa ambao haujadhibitiwa, nunua tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi, umtembelee mtoto mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao.