Leza ya Macho: Utaachana na Miwani kwa Muda Gani?

Hapa Bellevue, Mtaa wa Rockey, kijana wa Kikongo anayesoma chuo aliniuliza: "Dada, nikifanya leza ya macho, nitaachana na miwani maisha yangu yote?" Ana miaka 19, na alikuwa amedunduliza kwa miaka miwili akifanya kazi saluni.

Nilimjibu kama muuguzi, na kama mtu aliyefanyiwa miaka tisa iliyopita. Leza huchonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na sehemu iliyochongwa hairudi. Ndiyo maana kwa wengi matokeo hudumu miaka mingi. Lakini jicho lenyewe haliachi kubadilika. Kwa baadhi yetu tatizo la kutoona mbali hurudi kidogo. Mimi sasa huvaa miwani nikiendesha gari usiku. Ukikaribia miaka 45, lenzi ya ndani hukakamaa na maandishi madogo hukusumbua. Uzeeni mtoto wa jicho huja, leza au bila leza.

"Namba ya miwani yako imebadilika mwaka huu?"

"Imebadilika."

Basi subiri, nikamwambia. Itulie angalau mwaka mmoja, kisha konea ipimwe. Ikiwa nyembamba mno au imebenuka, usifanye.

Kwetu wahamiaji kuna jambo la ziada. Omba nakala ya vipimo vya kabla ya upasuaji, uitunze pamoja na pasipoti. Siku utakapotolewa mtoto wa jicho, iwe Nairobi au Toronto, vitamsaidia daktari kuchagua lenzi. Mimi sikuomba, na kliniki ile imeshafungwa.