JIONI YA ZEZE NA ILIMBA

Huenda umewahi kukaa uani jioni, baada ya chakula, ukamsikiliza mzee akipiga zeze. Hapana jukwaa wala vipaza sauti. Watu ni 20 au 30 tu, wameketi juu ya mikeka na vigoda. Muziki wa namna hii hupigwaje? Kwa nini hufaa watu wachache waliokaa karibu? Tuchukue mfano wa Wagogo wa Mkoa wa Dodoma, ambao wanasifika sana kwa muziki.

VYOMBO

Zeze hutengenezwa kwa kibuyu. Kibuyu hukatwa, kisha hufunikwa kwa ngozi. Mti hupitishwa kibuyuni, na nyuzi hufungwa juu yake. Nyuzi huwa mbili au zaidi. Mpigaji husugua nyuzi hizo kwa upinde. Upinde hupakwa utomvu mkavu wa mti ili ushike uzi. Bila utomvu, upinde huteleza na uzi haulii.

Ilimba ni sanduku la mbao. Watu wengine huiita marimba. Juu yake hupangwa vipande vyembamba vya chuma. Mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba na kuviachia. Chuma kirefu hutoa sauti nzito. Chuma kifupi hutoa sauti nyembamba. Sanduku lina tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando huo hutetema, ukatoa mvumo kama wa nyuki.

Wanawake hupiga ngoma ziitwazo muheme. Ngoma hizi hushikwa kati ya mapaja. Sauti yake ni kubwa, nayo hufika mbali uwanjani. Lakini sauti ya zeze na ya ilimba ni ndogo. Penye kelele huisikii. Ndiyo sababu vyombo hivi hufaa uani au chumbani, watu wakiwa karibu na mpigaji.

KAZI YA MSIKILIZAJI

Katika muziki huu, msikilizaji naye ana kazi. Mmoja huanza wimbo, wengine huitikia. Sauti nene na nyembamba huimba pamoja, zikapatana. Asipoitikia mtu, wimbo hupwaya.

Pia kuna wakati wa kunyamaza. Mpigaji anapokaza nyuzi, anatafuta sauti zipatane. Usimwambie, "Anza basi!" Mpe nafasi. Hata mkulima hunoa jembe kabla ya kulima.

Sikiliza maneno pia. Nyimbo nyingine hufunza watoto. Nyingine husifu kazi, hukanya wavivu, au huwakumbuka waliokufa.

HASARA YA KUNGOJA

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, alikuwako mzee mpiga zeze. Wanakisomo walitaka kuandika nyimbo zake. Tulisema, "Tungoje mavuno yaishe." Mavuno yalipokwisha, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Zeze lake lilibaki limetundikwa ukutani. Mjukuu wake alijua kulipiga kidogo, lakini maneno ya nyimbo hakuyajua. Sisi nasi hatukuyajua. Daftari zilikuwapo, na kalamu zilikuwapo. Kosa lilikuwa letu sote.

Sasa tazama mfano mwingine. Mzee Hukwe Zawose alikuwa Mgogo, fundi wa zeze na ilimba. Alijulikana katika nchi nyingi. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa, Bagamoyo, na aliwafunza jamaa zake pia. Alifariki mwaka 2003, lakini muziki wake haukuzikwa naye. Zamani zeze na ilimba vilipigwa hasa na wanaume. Lakini binti yake, Pendo, na mjukuu wake, Leah, wameushika muziki huo. Mwaka 2024 walitoa albamu iitwayo Maisha.

Wazee wote wawili walifariki. Nyimbo za mmoja zilipotea, na za mwingine zinaimbwa bado. Tofauti ni kufundishana.

TUFANYE NINI?

1. Tumwalike mpigaji wa kijijini kwetu jioni moja. Tusingoje.
2. Tumkirimu chakula na tumpe tuzo. Ufundi wake ni kazi.
3. Kila anayejua kuandika aandike wimbo mmoja, kwa lugha ile ile unayoimbwa. Kisha amsomee mpigaji, naye asahihishe.
4. Mwenye simu ya kunasa sauti aombe ruhusa kwanza.
5. Vijana, wa kike na wa kiume, washike chombo na kujaribu.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Mzee wako anajua kupiga na kuimba. Kaeni pamoja jioni hii.

MASWALI

1. Kwa nini upinde wa zeze hupakwa utomvu?
2. Utando wa buibui una kazi gani katika ilimba?
3. Wanakisomo walikosea wapi?
4. Ni nani anayejua nyimbo za zamani kijijini kwenu? Mtamwalika lini?