Jicho la ramli mezani: Kulinda siri bila kumpofusha mchezaji

SULTANI wa Pate hakuwa na kioo cha kumfichulia siri ya Fumo Liyongo. Kwa mujibu wa masimulizi ya pwani, ilibidi atumwe mwana wa shujaa huyo kumdadisi babake, hadi ikajulikana kwamba kitu pekee cha kumuua kilikuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni.

Lau sultani angalikuwa na uchawi wa kumchungulia Liyongo popote alipo, je, utenzi huo ungalifika wapi?

Swali hilo huwasumbua mashabiki wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mchezo huu huwakutanisha marafiki wachache mezani. Kila mmoja huigiza mhusika wake, awe askari, jasusi au mchawi, naye msimamizi husimulia yanayotukia na kuwaigiza maadui. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu, aghalabu ile ya pande 20.

Mojawapo ya silaha za mchawi ni ramli ya kuchungulia. Huketi mbele ya tufe la kioo, akamwona na kumsikia adui aliye mbali.

Ramli hiyo isipowekewa mipaka huleta hasara mbili. Kwanza, njama iliyomchukua msimamizi siku kadhaa kuisuka hufumuka kwa dakika chache. Pili, na hili ndilo zito zaidi, anayeigiza jasusi hukosa kazi. Rafiki aliyefunga safari kuja kucheza hugeuka mtazamaji, na haipiti muda kiti chake kikabaki kitupu.

Historia ya kanuni za mchezo huu ina funzo. Katika toleo la mwaka 2003, uganga wa kusafiri papo kwa papo ulikuwa wa ngazi ya 5. Mchawi aliyeiona sehemu mara moja tu, hata kwa ramli, alikuwa na nafasi 76 kwa 100 za kufika barabara. Basi wachezaji wangeweza kumchungulia mfalme mwovu akiwa amelala, kisha wakamzukia kitandani. Ngome, mahandaki na walinzi vyote vikawa pambo.

Toleo la mwaka 2014 lilipandisha uganga huo hadi ngazi ya 7, na nafasi hizo 76 zikashuka hadi 27. Nafasi nyingine 43 ni za ajali yenye kuwajeruhi wasafiri. Ramli haikupigwa marufuku. Kilicholegezwa ni kile kiungo baina ya kuona na kufika.

Ramli yenyewe nayo ina gharama. Kwa kanuni hizo za 2014, huhitaji kifaa chenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu na dakika 10 za matayarisho, nayo haidumu zaidi ya dakika 10. Anayechunguliwa hurusha dadu ili ajinusuru. Ikiwa mchawi amemsikia kwa uvumi tu, mlengwa huongezewa alama 5. Ikiwa anamjua vyema, hupunguziwa 5. Mlengwa akinusurika, mchawi hawezi kumjaribu tena kwa uganga huo hadi saa 24 zipite.

Kuna sharti jingine lenye busara kubwa: mchawi akiwa na unywele au kipande cha ukucha wa mlengwa, mlengwa hupunguziwa alama 10. Lakini unywele huo utapatikanaje? Sharti jasusi apenye chumbani na kuutoa kwenye kitana. Hapo ramli haimnyang'anyi jasusi kazi, bali humpa.

Hata hivyo, wapo wasimamizi ambao kwa hofu humkinga kila adui dhidi ya ramli. Hilo ni kosa. Mchezaji aliyeuchagua uwezo huo huona ameporwa, na imani mezani ikivunjika haiungiki kwa urahisi.

Kinga nayo iwe na bei. Uganga wa kumficha mtu asichunguliwe hudumu saa 8 na huteketeza vumbi la almasi la thamani ya vipande 25 vya dhahabu. Adui tajiri ataumudu, mlinzi wa lango hataumudu. Aidha, kinga ni habari. Iwapo ngome nzima yaonekana isipokuwa chumba kimoja, wachezaji wamekwisha kujua pa kuanzia.

Muhimu kuliko yote ni kukumbuka kwamba kuona si kujua. Katika kisa cha J.R.R. Tolkien kilichochapishwa mwaka 1955, Denethor alitazama katika jiwe la kuonea mbali akaona merikebu zenye matanga meusi zikija, akakata tamaa. Merikebu zilikuwa za kweli. Asilolijua ni kwamba Aragorn alikuwa amekwisha kuziteka, naye alikuwa akija kuuokoa mji.

Msimamizi na afuate mfano huo. Aonyeshe yaliyo kweli, wala asieleze maana yake. Mchezaji amwone waziri akipokea barua, lakini yaliyoandikwa ndani ayatafute mwenyewe.

Hali kadhalika, sheria iwe moja kwa pande zote. Adui mwenye tufe naye achungulie, ila kwa gharama ile ile na kwa dadu ile ile. Wachezaji waelezwe hayo kabla ya kuanza, si baada ya kunaswa.

Na tukirejea Pate, huenda kioo kisingalimfaa sultani sana. Angalimwona Liyongo akila, akiwinda na kulala. Sindano asingaliiona, kwa kuwa siri yake ilikuwa kifuani mwa mwenyewe. Bado angalihitaji mtu wa kwenda kuuliza.